Yai Moja Katika Kiota cha Mwingine
Mhadhara wa wazi uliotolewa Mjimwema, Manispaa ya Songea, mbele ya walimu, wanafunzi na wafugaji nyuki



Nimeombwa nizungumze juu ya ndege wasiojenga kiota, wasioatamia na wasiolisha makinda yao. Hutaga katika kiota cha ndege mwingine na kwenda zao. Watu wengi wakisikia habari hii huifanya kesi: huyu mwizi, yule mjinga aliyeibiwa. Nimekuja kuwaomba tuiweke kesi hiyo kando. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba ndege anayetaga kwa siri na ndege anayetagiwa wameundana kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba huwezi kumhifadhi mmoja ukamwacha mwingine. Na hapa kwetu Ruvuma jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu asali ya porini inapita katika kiota cha ndege aliyetagiwa yai lisilo lake.

Ni akina nani

Duniani kuna zaidi ya spishi 10,000 za ndege. Takriban 100 kati ya hizo, yaani moja katika kila mia, huishi kwa kutaga kwa wengine. Nitawaita wadandiaji, na wale wanaotagiwa nitawaita walezi. Tabia hii haikutoka katika ukoo mmoja. Wataalamu wanahesabu kwamba imezuka mara 7, kila mara peke yake, na hata Amerika Kusini yuko bata anayetaga katika viota vya wenzake.

Sisi Afrika tunao wadandiaji wa makundi matatu. La kwanza ni kekeo. Mmoja wao mnamfahamu kwa sauti hata kama hamjawahi kumwona: mvua zinapokaribia, wakati watu wa Songea wanatayarisha mashamba ya mahindi, anaanza kupiga sauti tatu zinazoshuka, tena na tena, kutwa nzima. Huyo ni kekeo mwenye kifua chekundu. Mwingine ni mdogo zaidi, mgongo wake wa kijani kinachometameta. Jina lake la kitaalamu ni *Chrysococcyx caprius*, na hutagia hasa kwera.

Kundi la pili ni la mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye mzinga wa nyuki. La tatu ni la fumbwe. Dume la fumbwe huota mkia mrefu mweusi msimu wa kuzaa, na jike hutaga kwa mshigi, ndege wadogo wa mbegu mnaowaona wakiruka kwa makundi kando ya mashamba. Katika kundi hilihili yumo ndege mdogo, dume lake la manjano, aitwaye kitaalamu *Anomalospiza imberbis*. Wote hawa ni wenyeji wa ukanda huu wa kusini.

Kazi ya sekunde chache

Kwa miaka mingi watu wa Ulaya walibishana kuhusu namna kekeo anavyotaga. Wapo waliosadiki kwamba hutaga chini, kisha hulibeba yai kwa mdomo na kulitia kiotani. Katika miaka ya 1920 Mwingereza Edgar Chance alimaliza ubishi huo kwa kukaa karibu na viota na kupiga filamu. Alionyesha kwamba jike hutua kwenye kiota, huchukua yai moja la mwenyewe kwa mdomo, hutaga la kwake palepale na kuruka. Kazi yote huchukua kama sekunde 10. Mwaka 1922 jike mmoja aliyekuwa akimfuatilia alitaga mayai 25 katika msimu mmoja, kila moja katika kiota chake.

Sekunde hizo ni mwisho wa kazi ndefu. Kabla yake jike amekaa kimya mtini akitazama nani anabeba nyuzi za majani, nani amemaliza kujenga, nani ameanza kutaga. Lazima alenge siku zilezile mlezi anapotaga. Akitaga katika kiota kitupu, mlezi atajua kuna jambo. Akichelewa hadi mlezi ameanza kuatamia, kinda lake litaanguliwa nyuma ya wengine na kukosa nafasi.

Mwili wake nao umejipanga. Mwaka 2011 Tim Birkhead na wenzake walionyesha kwamba kekeo wa Ulaya, kekeo wa Afrika na mlembe hulizuia yai ndani ya mrija wa uzazi kwa karibu siku nzima zaidi ya ndege wengine. Humo tumboni joto linafikia nyuzi 40 hivi, kwa hiyo kiini kinaendelea kukua. Yai linapoguswa na hewa, kinda la kekeo limekwisha kupiga hatua ya saa 31 hivi mbele. Ndiyo maana mara nyingi hutangulia kuanguliwa, ingawa huenda yai lake halikuwa la kwanza kutagwa. Na ganda lake ni gumu kupita kiasi cha ukubwa wake, hivyo mlezi mwenye mdomo mdogo hawezi kulitoboa kwa urahisi.

Yanayofuata aliyaeleza mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa jambo jingine kabisa. Edward Jenner, daktari aliyefanya jaribio la chanjo ya ndui mwaka 1796, alichapisha mwaka 1788 habari za kinda la kekeo. Likiwa uchi na macho hayajafunguka, huingia chini ya yai la mwenyewe, hulipandisha mgongoni penye bonde dogo, hujisukuma kinyumenyume hadi ukingoni na kulitupa nje. Wengi hawakumsadiki. Leo kila mwenye subira na kamera anaweza kuliona.

Rangi ya yai la kwera

Sasa tuje kwa kwera, ambaye viota vyake vinaning'inia kwenye miti karibu na nyumba zetu. Mkikuta mayai ya kwera wa kijijini yaliyoanguka, yaangalieni vizuri. Mayai ya jike mmoja ni buluu tupu. Ya jirani yake kwenye mti uleule ni meupe. Ya wa tatu yana rangi ya kijani na madoa ya kahawia. Lakini jike mmoja hutaga rangi yake ileile maisha yake yote.

Kwa nini spishi moja iwe na rangi nyingi hivyo, na jike mmoja ashike rangi moja tu? Fikirieni mashine ya kusaga siku ya msongamano. Kila mama hufunga magunia yake kwa kitambaa cha rangi yake, na magunia yake yote hufungwa kitambaa cha namna moja. Rangi ikiwa tofauti na ya majirani, na magunia yake yote yakifanana, gunia geni likichomekwa katikati atalitambua mara moja. Akichanganya vitambaa mwenyewe, au mtaa mzima ukitumia rangi moja, ulinzi umekwisha. Kwera hufanya vivyo hivyo kwa ganda la yai. Kekeo wa kijani hawezi kujifunza rangi moja ikamfaa katika kila kiota. Anayetaga yai la buluu akiangukia kiota cha mayai meupe, kuku mgeni hakosi kamba mguuni: yai linatolewa nje.

Mtu anaweza kuniuliza, umejuaje kwamba ni kekeo aliyeyafanya haya? Jibu limetoka visiwani. Kwera wa spishi hii walipelekwa katika kisiwa cha Hispaniola, kule Karibi, katika karne ya 18, na Mauritius mwaka 1886. Kekeo wa kijani hawakufuatana nao. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alichapisha matokeo ya kulinganisha mayai ya huko na ya Afrika. Visiwani tofauti kati ya jike na jike ilikuwa imepungua, na mayai ndani ya kiota kimoja yalikuwa hayafanani tena kama ya huku. Adui alipoondoka, saini ya kila jike juu ya yai lake ilianza kufifia. Kwa hiyo uzuri wa mayai ya kwera tunaouona hapa Mjimwema umetunzwa, kizazi hata kizazi, na ndege ambaye kwera anamfukuza kila akimwona.

Wazo hili lina historia inayoigusa nchi yetu. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika kuanzia 1919, na baadaye mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o kule Shinyanga hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, alikuwa ameanza na mayai. Alipokuwa akiishi Chirinda, katika Zimbabwe ya leo, alikuwa akitia mayai mageni katika viota vya ndege mbalimbali na kuandika yapi yamekubaliwa na yapi yametupwa. Makala yake ilitoka 1918. Humo alisema kwamba mlezi anapobadilisha mayai yake, mdandiaji humfuata, na mlezi hulazimika kubadilisha tena. Ilipita miaka mingi kabla ya wanasayansi kulishika wazo hilo kwa uzito.

Masomo kutoka Choma

Mahali ambapo wazo la Swynnerton limechunguzwa kwa kina zaidi si mbali na sisi. Ni Choma, kusini mwa Zambia, ambako Claire Spottiswoode na wenzake wamefanya kazi kwa miaka mingi wakisaidiwa na wenyeji wanaojua kutafuta viota. Walijengea juu ya hazina ya mayai yaliyokusanywa huko na John Colebrook-Robjent tangu miongo ya nyuma.

Huko yupo ndege mdogo wa majanini mwenye mkia mrefu anaousimamisha, *Prinia subflava*, ambaye pia ni wa kawaida katika mashamba na vichaka vyetu. Mayai yake yanaweza kuwa mekundu, meupe, ya buluu au ya kijani cha mzeituni, na juu yake kuna madoa na michirizo kama mwandiko. Anayemdandia ni yule *Anomalospiza* niliyemtaja. Naye ana mayai mekundu, meupe na ya buluu, mengine ya kumdanganya hata mtaalamu. Mayai ya sasa yalipolinganishwa na ya miaka 40 nyuma, ilionekana kwamba rangi zimebadilika pande zote mbili. Miaka 40 ni muda ambao wengi humu ukumbini tumeushuhudia kwa macho yetu.

Utafiti uliochapishwa 2022 ulifungua mlango wa ndani zaidi. Jike la mdandiaji hurithi rangi ya yai kwa mama yake tu, kupitia kromosomu ambayo madume hawana. Faida yake ni kwamba binti wa jike mwenye yai jekundu atataga jekundu, hata baba yake awe wa ukoo gani. Hasara yake ni kwamba hawezi kuchanganya urithi wa pande mbili akapata rangi mpya. Mlezi hurithi kwa baba na mama, kwa hiyo anaweza. Kijani cha mzeituni kimepatikana kwa njia hiyo, na mdandiaji hajaweza kukiiga. Lakini naye ana mbinu: mara nyingine jike hutaga zaidi ya yai moja katika kiota kilekile, mpaka mlezi anashindwa kujua yapi ni yake.

Kwa nini mlezi hakatai kila yai

Hapo ndipo penye swali ambalo wanafunzi huniuliza sana: kama mlezi ana akili hiyo, mbona anadanganyika?

Wapo wasiodanganyika kwa urahisi. Kwa mramba, yule ndege mweusi mkali anayewafukuza hata mwewe, watafiti wa Choma walikadiria mwaka 2023 kwamba karibu asilimia 94 ya mayai ya kekeo wa Afrika yangekataliwa, ingawa kwa macho yetu yanafanana sana na ya mramba. Kila mramba ana saini yake.

Lakini kukataa kuna gharama. Anayetupa yai kwa wasiwasi anaweza kulitupa la kwake. Pale ambapo wadandiaji ni wachache, mlezi mwenye hofu nyingi huumia kuliko mwenye kuamini. Mlezi anapima hatari mbili kwa wakati mmoja, na kipimo chake kimewekwa na vizazi vilivyomtangulia.

Na si kila mdandiaji huua. Makinda ya fumbwe hukua pamoja na makinda ya mshigi, yakigawana chakula. Yakifungua midomo, ndani yake mna madoa na rangi zinazoiga zile za makinda ya mwenye nyumba, na mlezi hujaza kila mdomo. Katika jamaa ya fumbwe wamo pia ndege weusi wa kung'aa ambao dume lao, likikua, huimba wimbo wa baba aliyelilea. Jike lililolelewa na walezi wa spishi ileile huusikia wimbo huo, hulikubali dume, kisha hutafuta kiota cha spishi iliyolilea ili litage. Malezi yanaamua nani ataoana na nani.

Mlembe na shimo la keremkerem

Sasa nifike kwa mlembe, maana hapa ndipo hoja yangu inaposimama.

Wazee wa Kiyao mlio hapa mnamfahamu kuliko kitabu chochote. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa kule Msumbiji, warinaji wa Kiyao humwita kwa mlio wa kutetemesha unaomalizika kwa mguno. Mwaka 2016 Spottiswoode, pamoja na Keith Begg na Colleen Begg, walichapisha vipimo vyao: mrinaji akipiga mwito huo, uwezekano wa kufikishwa kwenye mzinga hupanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kwamba mlembe wa Niassa huitikia zaidi mwito wa Kiyao, na wa huku Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, huitikia zaidi miluzi ya Wahadza. Kabla yao, mwaka 1989, Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walikuwa wamethibitisha kati ya Waborana kwamba kumfuata mlembe hufupisha muda wa kutafuta mzinga kutoka wastani wa saa 8.9 hadi saa 3.2.

Ndege huyu tunayemshukuru, ambaye tukishakata asali tunamwachia nta, alianzia wapi? Alianzia katika shimo. Jike la mlembe hutaga kwa ndege wanaozaa ndani ya matundu: keremkerem, hudihudi, kwenzi, mdiria. Choma, keremkerem mdogo huchimba kiota chake katika dari ya shimo la muhanga. Mlembe huingia, huyatoboa mayai ya mwenyewe kwa mdomo, hutaga lake jeupe na kutoka. Mayai ya keremkerem ni meupe vilevile, na humo ndani ni giza, kwa hiyo saini haina kazi.

Mara nyingi baadhi ya mayai hunusurika. Basi kinda la mlembe huanguliwa likiwa kipofu, uchi, na kulabu mbili kali katika ncha ya mdomo. Makinda ya keremkerem yanapoanguliwa, huyauma gizani mpaka yafe. Kamera zilizowekwa mashimoni, katika utafiti uliochapishwa 2011, zilionyesha kwamba kifo huchukua kati ya dakika 9 na zaidi ya saa 7. Kulabu hudondoka baadaye, kinda likikua. Kisha hulishwa na wazazi wa waliokufa hadi litoke.

Najua ni habari nzito, na nimeona nyuso zenu. Lakini ndege anayekuja kuwaita njooni huku kuna nyuki ni yule aliyetoka katika shimo hilo. Hakulelewa na mlembe. Hakuonyeshwa nta na mama yake. Bila keremkerem na wenzake hakuna mlembe, na bila mlembe mrinaji wa Tunduru anarudi kutembea pori zima kwa kubahatisha. Wema wake kwetu na ukali wake shimoni ni maisha ya ndege mmoja. Hatuwezi kuchukua nusu.

Tufanye nini

Kwa hiyo ninawaomba mambo matatu, na ninayaomba kwa moyo wote.

Kwanza, wafugaji nyuki na wenye mashamba: acheni baadhi ya miti mikavu yenye matundu isimame, na msizibe mashimo ya muhanga wala kubomoa kila kichuguu. Mti wenye tundu ni nyumba ya hudihudi na kwenzi, na kwa hiyo ni nyumba ya mlembe wa kesho. Katika ushoroba wa Selous na Niassa, unaopita Namtumbo na Tunduru, vijiji vimekwisha tenga maeneo ya jumuiya za uhifadhi kama Mbarang'andu na Nalika. Katika mipango yao mti mkavu uhesabiwe kuwa mali.

Pili, vijana: wekeni manati chini. Anayevunja viota vya kwera kwa mchezo anawaumiza kwera, na pia anafuta kazi ya vizazi visivyohesabika iliyoandikwa juu ya maganda ya mayai. Badala yake kila shule iwe na daftari la viota. Andikeni tarehe, aina ya mti, ndege mwenye kiota, idadi na rangi ya mayai, na kama lipo moja lisilofanana na mengine. Msiguse. Tazameni kwa muda mfupi, ondokeni, rudini siku nyingine. Jenner na Swynnerton walianza kwa macho, kalamu na subira, na hizo hata hapa zipo.

Tatu, wazee wa Kiyao: wafundisheni wajukuu mwito wa mlembe. Utafiti umeonyesha kwamba ndege wa mahali huujua mwito wa mahali. Kizazi kimoja kikiacha kuita, ndege nao hawatakuwa na sababu ya kuitikia, na maelewano yaliyojengwa na watu na ndege pamoja yatakatika.

Mwalimu mmoja ameniuliza kabla ya kikao kama ni sawa kuwafundisha watoto habari za kinda linaloua. Jibu langu ni ndiyo, na wafundishwe bila kuficha kitu. Mtoto akielewa kwamba rangi ya yai la kwera imelindwa na kekeo, na kwamba asali ya babu yake inategemea keremkerem, atauhurumia msitu mzima badala ya kuchagua ndege wa kumpenda. Mvua za msimu huu zikianza, viota vitajaa mitini. Naomba madaftari hayo yawe tayari wiki ya kwanza.